Cherehani ya Kasese na Lori Lililokataa Kupona

Pooo-pe! Pooo-pe-pe! Honi ya lori la Sadiki ilikuwa na mafua. Ilianza kwa sauti nene ya ng'ombe na kumalizika kwa kikohozi cha mbuzi, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ikishuka barabara ya Bwera asubuhi ile, kuku wakikimbia huku na huku.

Mmeniuliza wote. Mmeniuliza kisimani, sokoni Mpondwe, hata kanisani watu wakiwa wamepiga magoti: "Biira, si ulikwenda Kasese kujifunza cherehani? Mbona umerudi upesi hivi, tena unacheka?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu anasikia kichwa, yule anasikia mkia. Nimekuja nyumbani kwa Jumapili hii moja, basi nakaa niandike yote. Anayejua kusoma amsomee mwenzake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu marafiki zangu mmetoka kila upande, na sote tulikutana katika Kiswahili, sokoni, tukigombania bei ya samaki.

Bwera, mbele ya karai

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga mandazi pale malori yanaposimama. Kazi hiyo naipenda. Nilikuwa nimeanza kuyajua mafuta kwa mlio: yakinong'ona bado, yakicheka tayari, yakipiga kelele umechelewa. Lakini mnanijua. Nikishaijua kazi, macho yangu huanza kutembea. Na kwa muda mrefu macho yangu yalikuwa yanatembea mpaka kwenye baraza za maduka, wanapokaa mafundi wa nguo na vyerehani vyao. Wote ni wanaume. Nilikuwa nikisimama kuangalia jinsi uzi wa juu unavyokwenda kumtafuta uzi wa chini na kumpata kila mara, mpaka fundi anifukuze: "Wewe msichana, unaniziba mwanga!" Nikaondoka na swali langu. Nilikitamani chuma kile kama mtoto anavyotamani mwezi.

Lori likasimama. Sadiki akatoa kichwa dirishani.

"Biira ni nani hapa?"

Karibu nusu ya wanawake tuligeuka.

Kwa ninyi msio Wakonzo nieleze. Kwetu msichana wa kwanza kwa mama yake ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho. Mtoto akizaliwa hakuna anayejisumbua kutafuta jina, jina linamngoja mlangoni. Sadiki alitoka Masaka, alikuwa bado mgeni huku. Kwake Biira alikuwa mtu mmoja, kama yeye alivyo Sadiki mmoja.

"Aa, nyinyi mnacheza na mimi," alisema. "Mimi natafuta Biira moja tu. Ile ya hospitali ya Kisinga."

Wengine wakarudi kwenye mihogo yao. Nikabaki peke yangu na mwiko mkononi.

"Ni mimi. Nilifanya kazi hospitali."

"Basi iko salamu yako. Iko mama moja Kasese, Mama Halima, bwana yake ni mtu ya reli. Alilala hospitali huko na homa. Anasema Biira aje, atamfundisha cherehani bure, atakula kwake, atalala kwake. Nafasi ni ya mtu moja."

Nilimkumbuka mara moja. Mama Halima, Mnubi, mtoto wa askari wa zamani, mwenye sauti ya kupanga watu mstari. Homa ilimshika njiani akitoka kununua vitambaa mpakani. Siku zile mimi nilikuwa naosha chupa na kuchemsha bendeji, na kila jioni nilikuwa nakwenda kukaa karibu na kitanda chake nikimwuliza maswali. Treni ikifika mwisho wa reli inageukaje? Nguo ya mtu mnene unaikata vipi asionekane mnene? Aliniita msumbufu. Kumbe alikuwa ananipenda! Mandazi ya mwisho yaliungua, na sikujali.

Mama yangu alipiga makofi kwa mshangao. "Tena? Juzi chumvi, jana chupa, leo mandazi, kesho cherehani? Mwanangu, wewe ni mbuzi asiye na kamba. Kila jani lazima ulionje."

"Lakini mbuzi huyo ananenepa, mama."

Alicheka, akanifungia mihogo ya njiani.

Bwera mpaka Kisinga, juu ya magunia

Nilikaa juu ya shehena na mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, Mama Marselina, aliyekuwa anakwenda Katwe kununua chumvi. Alikuwa na vifurushi vingi na kicheko kinachotikisa vifurushi vyote.

"Mutoto, uko naenda wapi na furaha yote hii?"

"Kasese, mama. Kujifunza cherehani."

"Wewe? Mwanamuke?" Aliniangalia miguu, kana kwamba jibu liko huko. "Kwetu banaume ndio beko nashona. Mi sijaona mwanamuke kwa mashini."

"Mimi pia sijaona. Ndiyo sababu naenda kuona."

Alifikiri kidogo, akafungua jani akanikatia kipande cha mhogo uliopondwa na kupikwa ndani ya majani, mgumu kidogo, wenye uchachu mtamu. Mimi nikampa mandazi yale yaliyoungua. Aliyauma, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni kweli mutoto wangu, utafute kazi ingine."

Tulicheka mpaka Sadiki akagonga bati kutoka chini, akidhani kuna mtu ameanguka.

Kufika Kisinga, Sadiki alisimamisha gari ili aswali na anywe chai. Chai ikawa mbili, kisha akaja rafiki yake mwenye habari ndefu. Sisi juu tuliiva kama ndizi. Nilishuka nikawasalimu wenzangu wa zamani wa hospitali kupitia ua. Walinionyesha mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, nikalia. Mnanijua, nalia kwa kitu chochote kidogo chenye vidole.

Kisinga mpaka Katwe, na wenye barabara

Chini ya milima barabara huingia mbugani, na huko mwenye barabara si dereva. Tembo alisimama katikati akijikuna kwenye mti uliolala. Sadiki alizima injini. Nyuma ya tembo yule akatoka mwingine, na wa tatu, na kitoto chake.

"Afande," Sadiki alimwambia yule mkubwa kwa sauti ya chini sana, "tunaomba njia."

"Usimwite afande," Mama Marselina akanong'ona. "Atataka utoe kitambulisho."

Nilijifunika mdomo kwa leso. Mkikaa juu ya magunia mbele ya tembo, hakuna adhabu mbaya kama kicheko. Jua lilihama kutoka bega hili mpaka lile kabla wale wakubwa hawajaamua kwamba wamejikuna vya kutosha.

Kwa hiyo tulifika Katwe tumechelewa, na mvua ilitutangulia. Niliposhuka, harufu ya ziwa la chumvi iliniingia puani kama ndugu wa zamani asiyebisha hodi. Nimefanya kazi pale. Najua jinsi unavyolisubiri jua likaushe maji katika kitalu chako mpaka ngozi nyeupe itokee juu, na jinsi kidonda kidogo cha mguu kinavyokufundisha kuimba. Sasa mvua ilikuwa imeyeyusha kazi ya watu wengi, nao walikuwa wamekaa tu wakiiangalia mbingu, bila hasira. Chumvi na mvua hazijawahi kupatana, na wao si wa kuamua kesi hiyo.

"Biira Kila Kazi!" mwanamke mmoja niliyechota naye chumvi aliniita. "Umerudi kwetu?"

"Napita tu. Nakwenda kushona."

"Haya, ukijua, nishonee mvua mdomo."

Alinilaza kwake. Tulikula ngege, samaki mbichi wa lile ziwa jingine la maji matamu, aliyepikwa kwa maji matupu, na bundu, ugali laini wa mhogo, na hakuna aliyetafuta chumvi. Mama Marselina tuliagana naye pale. Alinishika mashavu akasema, "Mutoto, ukishona nguo ya kwanza, isikuwe yako. Utaiharibu, na utakosa ya kuvaa." Mawaidha mazuri kuliko mengi niliyosikia kanisani.

Katwe mpaka Kasese, kwa miguu ya watu

Chumvi kavu ilipatikana ghalani, tukapakia. Lori lilianza kulalamika mapema. Kila Sadiki alipobadilisha gia lilisaga meno. Katika uwanda wa mwisho, tukiona mabati ya Kasese yakimeta mbele yetu, likasaga mara moja kubwa na kunyamaza.

"Giaboksi," alisema Sadiki, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Basi mlioniuliza kama niliingia Kasese kwa heshima, jibu ni hili: niliingia nikisukuma. Abiria, wapita njia na mtu mmoja mwenye baiskeli aliyeiegesha makusudi aje kusaidia, sote tulilisukuma lori la chumvi mpaka kivuli cha duka. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Lakini nikaiona reli. Marafiki, mnaambiwa reli ni vyuma viwili chini. Ni kweli. Ila hakuna anayewaambia kwamba ukisimama katikati na kuangalia mbali, vile vyuma viwili vinakwenda vikisogeleana kama watu wenye siri. Nilisimama nikaviangalia mpaka mtu wa reli akanifukuza. Mji wenyewe ni joto, mabati mapya, watu wa kila lugha, na mlima ukiuangalia mji kama mkwe anayekagua nyumba.

Kasese, nyumba ya Mama Halima

Alikuwa barazani, kwenye cherehani. Mguu wake ulisimama aliponiona.

"Simama hapo. Geuka. Sasa geuka tena. Wewe nani?"

"Biira, mama. Umeniita."

"Biira." Alikunja uso. "Lete mkono." Akanipa sindano, uzi, kipande cha kitambaa. "Shona. Mstari moja, nyoosha."

Nilishona kwa moyo wangu wote. Alikichukua kile kitambaa, akakiweka mbali na macho, akakileta karibu, akakigeuza.

"Hii si mshono. Hii ni kuku amepita kwa unga." Kisha akanitazama usoni vizuri, na uso wake ukafunguka. "Wallahi! Huyu ni ile ya maswali! Ile ya treni inageukaje!"

"Ndiyo, mama, ni mimi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mimi niliita ile ya sindano, mwanangu. Biira ile ilitia kiraka shuka yangu. Mimi ni fundi, nilitafuta mahali kiraka inaanza, sikuona. Nilisema huyu lazima nimfundishe."

Moyo wangu ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Nilimjua. Wodi ile ilikuwa na Biira wawili: mimi wa chupa, na Biira wa Kyondo aliyekuwa akishona mashuka karibu na dirisha, msichana mkimya kiasi kwamba ukigeuka unasahau yupo. Mumewe amefariki, ana binti mdogo. Wakati mimi nakwenda kuwauliza wagonjwa habari za dunia, yeye alikuwa anatia viraka. Tuliondoka hospitali msimu mmoja, yeye akarudi kwao. Sadiki alipouliza Kisinga, mtu alimwambia Biira wa hospitali amekwenda Bwera, na huo nao ulikuwa ukweli.

"Mama," nilisema, "yule yuko Kyondo. Hakuambiwa. Salamu yake nimeipokea mimi."

Mama Halima aliokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni. "Sikia. Yeye iko mlimani, wewe iko hapa. Mkono inafundishwa. Nikisema kaa?"

Niliiangalia cherehani mpaka mbuzi wa jirani akamaliza kula ganda zima la ndizi. Ilikuwa mbele yangu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu shingoni. Nilikuwa naweza kuigusa. Nikamfikiria yule mwenzangu, kichwa kimeinama dirishani, mshono usioonekana.

"Nikikaa, mama, nitakuwa nimekalia kiti cha mtu. Sitashona vizuri. Mshono wangu hata nikiwa na amani umeuona."

Aliguna. Kwa Mama Halima kuguna ni hotuba. "Haya. Lori ikipona, unapanda, unaenda kumwita. Na mtoto wake aje. Mpaka lori ipone, unakaa hapa, unajifunza. Iko amri moja: uliza unavyotaka, lakini ukiuliza, mguu isisimame."

Kasese, wakati wa lori kuumwa

Wasafiri wengine wakisimulia hulalamika kwamba gari liliharibika. Mimi, marafiki, nililiombea lori lile liumwe.

Siku ya kwanza nilijiaibisha mezani. Mama Halima aliweka bakuli la mchuzi mzito, na pembeni kitu chembamba cheupe, kimekunjwa vizuri mara nne. Katika nyumba ya fundi, ningefikiri nini? Nikakichukua, nikafuta mikono, nikakikunja tena kwa adabu nikakirudisha. Mumewe, mtu mpole wa reli, alikohoa ndani ya kikombe. Mama Halima akakichukua kile kitu, akakata kipande, akachovya mchuzi, akala.

"Kisra," alisema. "Mkate yetu. Sasa wewe pia kula leso yako."

Nilikula. Ni tamu, ina uchachu kidogo, na mchuzi wake unateleza kwa raha.

Kujifunza kulianza bila uzi. Alichora mistari juu ya karatasi ya zamani, mimi nikapiga kanyagio na sindano tupu, nikitoboa juu ya mstari. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ukisita tu, gurudumu linarudi nyuma na mashini inatafuna. Karatasi zangu za kwanza zilionekana kama zimeliwa na mchwa. Na maswali yangu, kwa sababu ya amri ile, yalitoka yakiwa yamekatikakatika kama mtu anayeongea akipanda mlima.

"Mama, kwa nini, uzi wa chini, haukwami?"

"Mguu!"

"Mguu unakwenda. Kwa nini?"

Naye alijibu kila swali. Alifungua tumbo la mashini akanionyesha kile chuma kidogo chenye ndoana kinachokuja kuudaka uzi wa juu na kuuzungusha. Kumbe hautafuti! Unadakwa. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza za watu miaka yote ile nikifikiri nyuzi mbili zinapendana, kumbe kuna mshenga ndani. Usiku huo sikulala upesi kwa furaha.

Kila jioni nilikwenda kumwangalia Sadiki. Miguu yake ilikuwa inatoka chini ya lori, viatu vikielekea mbinguni.

"Imepona?"

"Bado. Spea inatoka Kampala na treni."

"Mungu ni mwema."

Miguu ilijikunja. Kisha kichwa kikatoka, cheusi kwa grisi. "Dada, wewe unaniombea mabaya?"

"Hapana, kaka. Naiombea gari ipumzike. Imefanya kazi sana."

"Gari ikipumzika, mimi nakula nini?"

Nilimletea kisra na mchuzi. Hakufuta mikono nayo, kwa hiyo anajua dunia kuliko mimi.

Nikafika kwenye uzi. Nikafika kwenye kitambaa, vipande vya gunia la unga kwanza. Mama Halima alinifundisha kupima mtu kwa kamba, na kupima tena. Alikuwa akisema mkasi ni risasi, ikitoka haiitwi. Siku moja mstari wangu ulinyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, naye akanipa kipande kirefu zaidi.

Halafu treni ikaja. Niliisikia mbali, kila mtu barazani akasimama kwa furaha, watoto wakakimbia. Mimi niliendelea kukanyaga. Nilijua imebeba nini.

Mama Halima naye alijua. Alipotea ndani, akarudi na suruali ya khaki ya mchukuzi mmoja wa reli, imekatwa, imepangwa, bado haijaunganishwa. Akaiweka mbele yangu.

"Mguu ya kushoto. Mshono ya ndani. Kutoka juu mpaka chini, usisimame."

"Mama, hii ni ya kazi. Ya mtu."

"Kwani wewe umekuja kushonea mbuzi?"

Nilishona. Kisigino, vidole. Sikuuliza swali hata moja, na nadhani hilo ndilo lililomshtua zaidi. Alipoukagua mshono alipitisha kidole, akaukunja, akauvuta kwa nguvu kama anayetaka kuuona ukishindwa. Haukushindwa. Akaiweka suruali kwenye rundo la zilizokwisha, katikati ya nyingine, na sikuweza tena kuijua. Kwa hiyo sasa hivi Kasese kuna mtu anatembea na mshono wangu, wala hana habari. Mimi ninayo.

Asubuhi alinisindikiza mpaka lorini, akasimama kama mlinzi.

"Nikipata mashini ya pili," alisema.

"Nitakuja, mama!"

"Sijasema nitakuita. Nimesema nikipata." Kisha akanivuta kilemba changu kikae sawa, akakivuta tena ingawa kilikuwa sawa. "Panda. Haraka!"

Kasese mpaka Kyondo, kwenda juu

Safari hii lori lilikwenda kama kijana. Sadiki alinishusha njia panda ya Kisinga, akaahidi kupita tena akirudi kutoka Bwera. Nikapanda mlima. Kahawa ilikuwa imeiva, na kila nyumba ilikuwa na mikeka ya punje nje, na kuku wamefungwa wasizichakure.

Biira wa Kyondo nilimkuta anamchana binti yake nywele. "Wasibire," nilimwambia. Alijibu salamu na kuniletea kiti kabla ya kuniuliza lolote, kama desturi, na ilinibidi nimeze maji na mbegu za maboga na habari za wazee wote kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kitana kimesimama katikati ya nywele za mtoto.

"Kwa nini hukukaa wewe?"

"Nilikaa. Nilikaa mpaka lori lilipopona."

"Mimi naogopa," alisema polepole. "Mashini ni ya watu waliosoma. Na yule mama anapiga kelele."

"Anapiga kelele kwa mdomo tu. Njoo nikuonyeshe mguu."

Tuliweka ubao juu ya jiwe la duara, ukawa unacheza mbele na nyuma. Nikamketisha, nikamwekea miguu. Kisigino, vidole. Mwanzo ubao ulimtupa. Akacheka, na mimi sikuwahi kumsikia akicheka. Binti yake naye akataka. Tulikanyaga ubao ule mpaka chakula kikaiva, na alipouliza uzi wa chini unapatikanaje na wa juu, nilimwambia habari za mshenga mdogo aliye ndani, nikajisikia tajiri kuliko wenye ng'ombe.

"Nitakwenda," alisema, akimwangalia mtoto. "Wasingya, dada, asante." Akashika mikono yangu miwili, akaigeuza viganja juu kama anayetafuta kitu cha kunilipa. Nikamwambia aende haraka kabla Mama Halima hajabadili nia.

Kulipokucha tulishuka pamoja. Lori lilikuja na honi yake ya mafua.

"Hii sasa ndiyo Biira?" Sadiki aliuliza.

"Huyu ndiye."

"Na wewe?"

"Mimi pia."

"Nyinyi Wakonzo mtanimaliza," alisema, akamwinua mtoto juu ya kiti cha mbele.

Kisinga, ndani ya ghala

Lori lilipoondoka kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa amesimama kando ya barabara akiliangalia, na uso wake haukuwa na raha. Mzee Baluku, mwenye ghala la kahawa. Kumbe tangu atoke hospitali Biira wa Kyondo alikuwa akishuka msimu wa kahawa kumfanyia kazi huyo mzee, kufunga midomo ya magunia.

"Ameniacha," alisema mzee. "Msimu umeiva hivi. Nani atanishonea?"

"Mimi, baba."

Alinitazama. "Wewe si ndiye wa mandazi kule Bwera? Na kabla ya hapo nilikuona hospitali."

"Na Katwe, kwenye chumvi."

"Magunia unajua?"

"Bado. Ndiyo maana naomba."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Akanipa sindano ya magunia, ndefu kama kidole cha mzee, imepinda kidogo mbele, na kitita cha uzi wa katani. Akanionyesha mara moja: kunja mdomo, acha masikio mawili pembeni ya kushikia, vuta. Kisha akaenda zake kula.

Nikabaki mimi na kahawa. Ghala lilikuwa na giza tamu na harufu ya maganda makavu. Niliukunja mdomo wa gunia la kwanza, nikaupima kwa kiganja, nikaupima tena. Nikatunga uzi. Nilishona kwenda mbele, na chini ya gunia nikagundua mguu wangu unacheza peke yake, kisigino, vidole, sakafu tupu. Sikuuzuia. Nilipofika mwisho nikafunga fundo, nikalilaza gunia, nikaliinua matako kwa bega mpaka mdomo ukatazama chini, nikalitikisa kwa nguvu zangu zote. Nikatega sikio.

Hakuna punje iliyodondoka. Nikavuta gunia la pili.